Jina la mgodi, mkono wa tapeli

Mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, ulianza uzalishaji mwaka 2002, na kwa vijana wa Kerende, kama kwa wenzao wa Nyangoto, Kewanja na Matongo, ajira ya mgodini ni habari inayosubiriwa kwa hamu kila mwaka. Siku hizi maombi hupelekwa kwa mtandao. Kijana anakwenda steshenari, anaskani vyeti, anafunguliwa akaunti ya Gmail kama hana, anatuma, kisha anakaa na simu mkononi.

Tapeli analijua hilo vizuri. Hana haja ya kukuambia umeshinda bahati nasibu ya Ulaya. Kinachomtosha ni barua yake ikukute unasubiri barua ya namna hiyohiyo: jina la kampuni pale juu, nembo inayofanana na ile ya kwenye geti, hongera, umechaguliwa. Chini kabisa ipo namba ya simu ya kulipia ada ya vipimo vya afya au ya mafunzo ya usalama, pesa ambayo eti utarudishiwa siku ya kuripoti kazini. Mzazi anauza mbuzi, pesa inatumwa, simu ya upande wa pili haipokelewi tena.

Wengi wanaolizwa hivi si wajinga. Wameona jina la kampuni juu ya barua wakaamini kwamba mtandao umelihakiki jina hilo, na mtandao haujahakiki kitu. Utaratibu wa kusafirisha barua pepe tunaoutumia hadi leo umejengwa juu ya waraka wa Jon Postel wa Agosti 1982, enzi ambazo mtandao ulikuwa wa vyuo na taasisi chache zilizofahamiana. Hakuna aliyeona haja ya kumdai mtumaji kitambulisho. Mambo yakawa kama ya bahasha ya posta: nyuma unaandika jina lolote, karani anagonga muhuri na safari inaanza. Laini za simu tumezisajili kwa alama za vidole. Anwani ya barua pepe kila mtu anajifungulia mwenyewe kwa jina analolitaka.

Udanganyifu wa jina la mtumaji una sura tatu, na inafaa kuzitenganisha kwa sababu kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ndiyo rahisi, na kwa simu zetu ndiyo ya hatari. Tapeli anafungua akaunti ya kawaida ya Gmail, na pale pa kujaza jina lake anaandika "Idara ya Ajira" pamoja na jina la mgodi. Programu ya barua kwenye simu huonyesha jina hilo tu na kuificha anwani. Liguse jina, anwani kamili ijitokeze. Kampuni kubwa ya madini haiajiri kwa anwani inayoishia na gmail.com.

Hapa sharti niseme jambo linaloniuma. Tumejizoesha wenyewe kuona anwani za Gmail kwenye shughuli rasmi. Shule, SACCOS, hata wakandarasi wenye mikataba mikubwa wanaandikiana kwa anwani za bure, kwa hiyo mwombaji wa kazi akiiona haimshtui. Serikali ina mfumo wake wa barua pepe, GMS, unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, na mtumishi anayeacha anwani yake ya go.tz akawaandikia wananchi kwa Gmail anawafundisha kumwamini tapeli wa kesho.

Sura ya pili ni jina la kikoa, yaani sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, linalofanana na lile halali. Ajira za serikali zinatangazwa kwenye portal.ajira.go.tz. Anwani yenye ajira-go-tz.com ina maneno yaleyale, lakini haihusiani na serikali hata kidogo. Soma kutoka mwisho kurudi nyuma: kipande cha mwisho kabisa, kama .com au go.tz, pamoja na neno linalokitangulia, ndicho kinachoonyesha mwenye mali. Kikoa cha go.tz hakiuzwi kwa mtu binafsi, ilhali kinachoishia na .com hununuliwa na yeyote mwenye pesa kidogo, na kwa dakika chache tu.

Sura ya tatu ndiyo kughushi kwenyewe: anwani unayoiona ni ya kampuni kweli, herufi kwa herufi, ila barua haikutoka kwao. Kwa hiyo macho hayatoshi. Wataalamu wameweka ukaguzi wa aina tatu. SPF ni orodha ambayo mwenye kikoa anaitangaza hadharani, ikitaja kompyuta zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. DKIM ni saini ya kidijitali inayobandikwa kwenye kila barua; mtu akiigusa barua njiani, saini inaharibika. DMARC, iliyochapishwa rasmi mwaka 2015, inaangalia kama angalau moja ya hayo mawili limefaulu na linaoana na kikoa cha anwani inayoonekana pale juu, na kumweleza mpokeaji afanye nini lisipooana: aipokee, aitupe kwenye taka, au aikatae mlangoni.

Matokeo ya ukaguzi huu unaweza kuyasoma mwenyewe. Fungua barua kwenye kompyuta ya steshenari, maana kwenye simu ni shida, bonyeza doti tatu zilizo karibu na alama ya kujibu, kisha uchague kuonyesha barua asilia. Juu ya ukurasa utaona SPF, DKIM na DMARC, kila moja na neno lake. Ukikuta FAIL kwenye DMARC, usitume hata shilingi. Ukikuta PASS, usishangilie bado: maana yake ni kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa kilichotajwa, basi. Tapeli aliyenunua kikoa chake mwenyewe anaweza kupata PASS zote tatu.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawadai watumaji wa barua nyingi (kwa Google, takriban 5,000 au zaidi kwa siku) wawe na vyote vitatu. Mtumaji mdogo hajabanwa kiasi hicho. Mfanyabiashara wa Tarime anayeuza vifaa mgodini na ana kikoa chake cha co.tz amwambie fundi wake aweke DMARC ya kukataa. Asipofanya hivyo, siku moja mteja wake atapokea barua yenye jina lake ikisema akaunti ya benki imebadilika, na malipo ya miezi yatakwenda kwingine.

Ukipokea barua ya kughushi ya sura ile ya tatu, usikimbilie kuizuia anwani iliyoonekana. Anwani hiyo ni ya mwenye haki, na ukiizuia, siku mgodi ukikuandikia kweli hutaipata barua. Ripoti barua yenyewe kuwa ni taka. Kila ripoti inaufundisha mtambo kuchuja. Mwombaji wa kazi naye afungue sanduku la taka mara kwa mara, kwa kuwa wito halali wa usaili nao hutumbukia humo, na Gmail hufuta vilivyomo baada ya siku 30.

Ikiwa ni jina lako linalotumika kuwaandikia watu, angalia kwanza barua zilizotumwa kutoka kwenye akaunti yako. Ukikuta humo barua usizoziandika wewe, umeingiliwa: badili nywila, weka uthibitisho wa hatua mbili, na kagua kama kuna anwani ngeni inayopelekewa nakala za barua zako.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 20, inagusa barua taka na kughushi taarifa za mtumaji pale nia inapokuwa kutenda kosa. Lakini polisi wanahitaji ushahidi, na ushahidi umo ndani ya barua asilia. Kwa hiyo usiifute kwa hasira. Picha ya skrini pekee haitoshi, na ukiisambaza barua yenyewe kwa namna ya kawaida, kumbukumbu ya njia iliyopitia inapotea. Ipakue kama faili uihifadhi. Kama pesa imeshatoka, pigia kwanza mtandao wako wa simu uombe muamala uzuiwe, kabla tapeli hajafika kwa wakala. Namba aliyokutumia iripoti kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kupitia 15040, kisha nenda kituoni ukiwa na faili ile.