Somo la 12: Miguu ya Kifaranga wa Nyama

Sogeeni karibu na redio. Kila mtu awe na daftari na kalamu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: PROTINI, LISINI, METHIONINI. Ni maneno mapya, lakini somo likiisha kila mmoja wenu ataweza kuyasoma na kumweleza jirani yake.

Leo twazungumza juu ya kuku wa nyama. Mfugaji hununua vifaranga 100. Huwatia joto, huwapa maji na chakula. Wiki ya tatu huona baadhi yao hawasimami. Wamekalia vifundo vya miguu, au wanachechemea. Kifaranga asiyesimama hafiki penye chakula wala penye maji, basi hukonda na kufa. Fedha imepotea, na pengine ni fedha ya mkopo. Wengine husema, "Ni jicho baya." Lakini mara nyingi jambo lenyewe limo ndani ya debe la chakula.

Kwanza, tujue mzigo wa kuku huyu. Siku ya kuanguliwa kifaranga ana uzito wa gramu 40 hivi. Akilishwa vizuri, wiki ya tano hufika kilo 2. Pigeni hesabu: 40 mara 50 ni 2,000. Uzito umeongezeka mara hamsini kwa wiki tano! Kuku wa zamani hawakuwa hivyo. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta, nchini Kanada, walitangaza matokeo ya kulea pamoja kuku wa aina ya mwaka 1957 na kuku wa aina ya mwaka 2005. Wote walipewa chakula cha namna moja. Siku ya 56, kuku wa aina ya zamani walikuwa na gramu 905, na wa aina mpya gramu 4,202. Mzigo ni mkubwa sana, nayo mifupa inayoubeba bado ni michanga.

Mfupa umejengwa kwa nini? Fikirini nyumba ya miti na udongo. Kwanza husimamishwa fito, zikafungwa kwa kamba. Halafu hukandikwa udongo. Fito bila udongo hupinda. Udongo bila fito huanguka. Mfupa nao ni vivyo hivyo. Fito zake ni protini. Udongo wake ni madini mawili, kalsiamu na fosforasi. Na vitamini D ndiyo fundi anayesaidia kuyaingiza madini hayo mwilini. Kimoja kikikosekana, mguu hauna nguvu.

Sasa, protini ni nini? Ninyi mwajua kuandika neno BABA. Lina herufi B mbili na A mbili. Tuseme unazo herufi za mbao: B kumi, na A mbili tu. Utaandika BABA mara ngapi? Mara moja tu. B nyingine nane zitakaa bure. Protini nayo ni kama neno, na herufi zake huitwa asidi amino. Ziko aina ishirini. Nyingine kuku hujitengenezea mwenyewe. Nyingine hapana budi azipate katika chakula. Ile iliyo chache kuliko zote ndiyo huzuia kazi, hata kama nyingine zimejaa tele.

Herufi mbili zinazopungua mara nyingi ni lisini na methionini. Lisini hujenga nyama, na ndani ya mfupa ni kama kamba inayofunga fito zisiachane. Methionini ni ya nyama na manyoya. Mahindi yana protini kidogo, na lisini yake ni haba sana. Soya ina lisini nyingi, lakini methionini yake haitoshi. Mashudu ya alizeti yana methionini nzuri, lakini lisini ni kidogo. Dagaa wana zote mbili. Ndiyo maana mtengenezaji wa chakula huchanganya vitu vingi, halafu huongeza lisini na methionini za unga zilizotengenezwa kiwandani. Lisini ya unga hutengenezwa na vijidudu wadogo wanaolishwa sukari. Si dawa, wala si uchawi. Ni herufi zilizopungua, zimeongezwa.

Sasa twende kwenye kosa linaloharibu miguu mingi. Mfugaji aona chakula cha vifaranga ni ghali, basi huchanganya mfuko mmoja na mfuko mmoja wa pumba za mahindi. Andikeni hesabu hii. Katika kila sehemu 100 za chakula cha vifaranga, protini ni sehemu 22 hivi. Katika pumba ni kama sehemu 10. Jumlisheni 22 na 10, mpate 32. Gawanyeni kwa 2, mpate 16. Kifaranga alihitaji 22, naye amepewa 16. Lisini nayo imepungua, maana pumba hazina lisini ya kutosha. Kalsiamu imebaki karibu nusu. Fosforasi ya pumba nayo nyingi imefungwa, na tumbo la kuku haliwezi kuifungua vizuri. Tumenyima nyumba fito, kamba na udongo kwa siku moja.

Je, tununue unga wa lisini na methionini tuuongeze kwa kijiko? La, tusifanye hivyo kwa kukisia. Chakula kamili kina kiasi chake tayari, na kuzidisha hakuongezi nguvu ya mguu. Methionini ikizidi mno, kuku hukosa hamu ya kula na kukua kwake hurudi nyuma. Wala asidi amino haziwezi kushika nafasi ya madini. Kifaranga mwenye mifupa laini na mdomo unaopinda kama mpira huenda amekosa kalsiamu, fosforasi au vitamini D. Kuku hupata vitamini D kwa kupigwa na jua. Aliyefungiwa bandani siku zote hutegemea ile iliyomo katika chakula. Tena, mwaka 1936 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba madini ya manganizi huzuia ugonjwa wa kifundo kuvimba na mguu kupinda upande. Yahitajika kidogo sana, lakini yahitajika.

Basi tufanyeje? Nunueni chakula cha vifaranga kilichotengenezwa kwa kipimo, na mwangalie tarehe iliyoandikwa mfukoni. Sasa mwajua kusoma, someni! Msikipunguze kwa pumba. Kama fedha ni chache, punguzeni vifaranga. Afadhali 50 wanaosimama na kuuzwa kuliko 100 wanaolala chini. Anayetaka kuchanganya mwenyewe aombe kipimo kwa bwana mifugo. Na miguu ikianza kulegea, mwiteni upesi, kwa kuwa yako maradhi mengine ya kuambukiza yanayolemaza kuku, nayo hayatibiwi kwa chakula.

Mwalimu, sasa zungumzeni maswali haya darasani:

1. Fito za mfupa ni nini? Udongo wake ni nini?
2. Una herufi B sita na A nne. Utaandika BABA mara ngapi? Herufi gani imezuia kazi?
3. Chakula chenye protini 20 katika 100 kimechanganywa nusu kwa nusu na pumba zenye protini 10. Protini sasa ni ngapi?
4. Kwa nini soya na mashudu ya alizeti husaidiana?

Andikeni majibu kwa sentensi kamili.