Meno ya kijana: tumuulize yeye mwenyewe kwanza

Wafanyakazi wenzangu, na ninyi mama zetu wa nyumbani, leo katika ukurasa wetu wa usalama na afya tuzungumze habari ya meno yaliyopinda, yaliyopandana au yaliyotokea mbele. Mara kwa mara mzazi anafika kwenye dispansere na kusema: «Mganga, mtoto wangu ana miaka 13, meno yake yamepandana. Nimesikia kuna vyuma vya kuyanyoosha. Vinafaa?» Jibu letu ni hili: vinafaa. Lakini mtoto amesimama pale pale kando ya mzazi, na hakuna aliyemuuliza kitu.

MENO YANAPINDA KWA NINI?

Mtoto ana meno 20 ya utoto. Karibu na miaka 6 anaanza kuyabadilisha, na karibu na miaka 12 au 13 kazi hiyo inakwisha, isipokuwa magego ya mwisho yanayokuja baadaye. Mara nyingine taya ni dogo na meno ni makubwa: huo ni urithi wa wazazi. Mara nyingine mtoto amenyonya kidole miaka mingi. Na mara nyingine gego la utoto limeoza na kung'olewa kabla ya wakati wake. Hapo meno ya jirani yanasogea na kuziba nafasi, na jino jipya linakosa mahali pa kutokea. Sababu hii ya mwisho tunaweza kuipunguza nyumbani, kwa mswaki na kwa kupunguza sukari.

VIJANA WANAFIKIRI NINI?

Mtoto wa miaka 8 hajali meno yake. Kijana wa miaka 14 anajitazama kwenye kioo. Mara nyingi anataka vyuma kwa sababu ya sura kuliko afya, na kwa sababu ya mzaha wa wenzake shuleni. Msichana mmoja wa kambi, mtoto wa fundi wa umeme, alikuwa akifunika mdomo kwa mkono kila akicheka. Mwalimu alidhani hajui masomo, kumbe alikuwa anaogopa kusimama mbele ya ubao. Baba yake alisema: «Meno hayamuumi, basi si ugonjwa.» Lakini mtoto anayenyamaza darasani mwaka mzima anapoteza kitu cha kweli. Tusimcheke.

Wengine ni kinyume: mama anataka, kijana hataki. Anaogopa maumivu, na anaogopa kuitwa «mdomo wa chuma». Wengine tena wanavitaka kwa sababu wameviona kwenye simu. Kwao chuma ni pambo kama saa ya mkono. Hapa pana hatari. Katika nchi kadhaa za Asia watu wasiosomea kazi hii wamewafungia vijana vyuma vya urembo. Mnamo 2017 mahakama ya Malaysia ilimhukumu msichana wa miaka 20 aliyefanya kazi hiyo bila ruhusa. Jino likivutwa ovyo linaweza kulegea hata kung'oka.

Tukumbuke pia kwamba uzuri wa meno si mmoja. Zamani, katika makabila kadhaa ya Kongo, watu walichonga meno ya mbele ili wapendeze. Na mwanya, hata leo, wengi wanauhesabu kuwa uzuri. Kijana mwenye mwanya na afya njema si mgonjwa.

NANI ANAHITAJI KWELI?

Huko Uingereza, tangu 1989, waganga wana kipimo chenye ngazi 5. Ngazi ya 1 na ya 2 hazina haja kubwa ya vyuma. Ya 4 na ya 5 zina haja. Jino lililozuiliwa ndani ya taya, au meno ya juu yaliyotokea mbele sana, si mambo ya sura tu. Meno ya mbele namna hiyo yanavunjika upesi mtoto akianguka au akigongwa katika mpira.

KWA NINI KIJANA MWENYEWE AKUBALI?

Waya unavuta jino polepole. Mfupa unayeyuka upande mmoja na kujengeka upande mwingine. Kazi hiyo inachukua mara nyingi miaka karibu 2, pamoja na safari nyingi kwa mganga. Kijana apige mswaki kila baada ya chakula, la sivyo meno yanapata madoa meupe na kuoza kando ya vyuma. Aache kung'ata miwa na mahindi magumu ya kuchoma. Na vyuma vikitolewa, avae kifaa cha kushikilia meno, maana yasiposhikiliwa yanarudi yalikotoka.

Wewe mfanyakazi unajua jambo hili. Anayevaa kofia ya kazi kwa kuogopa macho ya kapita, ataivua kapita akigeuka. Kijana aliyelazimishwa ni vilevile: mswaki ataacha, siku za mganga atakimbia, na franki za baba zitapotea.

KABLA YA KULIPA

1. Muulize kijana akiwa peke yake: «Nini kinakusumbua katika meno yako?» Msikilize mpaka mwisho.
2. Mpeleke kwanza kwa mganga wa meno, atibu yaliyooza na kuangalia ufizi.
3. Uliza bei ya kazi yote mpaka mwisho, si ya siku ya kwanza tu. Waganga waliosomea kunyoosha meno ni wachache katika nchi yetu.
4. Usikubali vyuma vya sokoni wala vya fundi wa urembo.
5. Kijana asipokuwa tayari, ngoja. Hata mtu mzima ananyooshwa meno, kama ufizi na mfupa wake ni wazima.

Wazazi, mswaki ni wa kila mtoto, vyuma ni vya wachache. Na mdomo ni wa kijana: yeye ndiye atakayebeba chuma, basi neno lake lisikiwe kwanza.