Mgeni njoo, shamba lipone: Wiki moja katika mizaituni ya Sisilia

Meza ilikwisha kuandaliwa tulipowasili jioni ile. Palikuwa na mkate wa moto, jibini, zaituni, supu ya dengu, na katikati ya meza chupa ya mvinyo aliyoutengeneza mwenyeji wetu kwa mikono yake. Mama yetu mzee, mzaliwa wa Muheza anayeishi nasi London, aliitazama chupa ile, kisha akatutazama sisi. Hapakuwa na haja ya maneno.

Tulikuwa tumemwandikia mwenyeji mapema kwamba hatuli nyama ya nguruwe. Kuhusu mvinyo hatukusema neno, tukidhani ataelewa. Kumbe kwao kumwekea mgeni chupa mezani ni heshima, kama kwetu kumtangulizia maji ya kunawa. Tulimweleza kwa upole kwamba dini yetu haituruhusu hata kuketi kwenye meza inayonywewa pombe. Hakukasirika. Aliiondoa chupa, akarudi na jagi la maji ya limau kutoka mti ulio mlangoni pake. Funzo la kwanza, ndugu msomaji, tulilipata hapo: masharti ya dini hayamuudhi mwenyeji anapoelezwa mapema. Kosa lilikuwa letu.

Tulikuwa magharibi mwa Sisilia, katika bonde la mto Belice, karibu na mji wa Castelvetrano, kwa likizo fupi ya shule ya mwezi wa Oktoba. Hatukufikia hotelini. Tulifikia shambani, katika kile ambacho Wataliano hukiita agriturismo, yaani mkulima kuwapokea wageni nyumbani kwake na kuwalisha mazao yake. Jambo hili lina sheria yake huko, ya kwanza ya mwaka 1985 na iliyoichukua nafasi yake ya mwaka 2006. Msingi wake ni mmoja: kilimo kibaki kuwa kazi kuu, na wageni wawe nyongeza. Asiyelima haruhusiwi kujiita kwa jina hilo. Leo mashamba ya namna hii nchini Italia yamepita 25,000.

Sababu yake si anasa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mamilioni ya Wataliano waliyahama mashamba wakaenda kutafuta riziki katika viwanda vya Milano na Torino, na wengine Ujerumani na Ubelgiji. Vijiji vilibaki na wazee. Mwenyeji wetu, mama wa makamo, alitusimulia kwamba kaka zake wawili walikwenda Ujerumani na hawakurudi. Bei ya mafuta ya zaituni peke yake haikutosha kulihifadhi shamba la baba yao. Akaligeuza zizi la nyumbu kuwa vyumba vinne vya wageni. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale tuliyaona maneno hayo yakitimia: kilichopona ni shamba.

Wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatukuingoja ya tatu. Asubuhi ya pili, baada ya Swala ya Alfajiri, tulikuwa chini ya mizaituni pamoja na watoto. Nyavu hutandazwa chini, kisha matawi huchanwa kwa vichanuo vya mkono, na zaituni huanguka kama mvua ya mawe. Hazitakiwi kulala sana. Zikicheleweshwa kufikishwa kinuni, mafuta huharibika ladha. Jioni tulizifuata hadi kinuni, tukayaona mafuta yakitoka mabichi, ya kijani, yenye kuwasha koo. Mtoto wetu wa mwisho aliuliza kama huu ndio mti ambao Mwenyezi Mungu ameuapia katika Suratut-Tiin. Tulimwambia ndio, naye hakukanyaga tena hata zaituni moja iliyoanguka.

Kisiwa hiki si kigeni kwa Uislamu. Mwaka 827 jeshi la Waislamu lilitua Mazara likiongozwa na Asad ibn al-Furat, kadhi wa Qayrawan aliyekuwa amesoma kwa Imam Malik. Mji wa Palermo ulifunguliwa mwaka 831, na utawala wa Waislamu kisiwani ukadumu zaidi ya karne mbili. Katika karne ya 13 waliosalia walihamishwa kwa nguvu hadi Lucera, Italia bara. Misikiti yao ilitoweka, lakini kilimo chao kilibaki: malimau, madanzi, na ujuzi wa kumwagilia. Nyuma ya nyumba ya mwenyeji wetu kuna birika kubwa la mawe linalonywesha milimau. Wenyeji huliita gebbia. Mama alilisikia neno hilo akatabasamu, kwani wazee wa pwani yetu nao waliliita birika la maji jabia. Asili ni neno moja la Kiarabu.

Kwa faida ya familia zinazofikiria safari kama hii, tunaeleza machache. Kwa kuwa tulinuia kukaa wiki nzima, kwa madhehebu yetu ya Shafii hatukupunguza Swala. Omba chumba chenye jiko, upike mwenyewe. Nyama ya halali tuliinunua Mazara del Vallo, mwendo wa nusu saa kwa gari, mji ambao wavuvi wengi kutoka Tunisia wamehamia na familia zao. Jihadhari na mikate na vitamu, kwani Wasisilia hutumia sana strutto, yaani mafuta ya nguruwe. Hata maganda ya cannoli, kitamu chao mashuhuri, kwa desturi hutiwa mafuta hayo pamoja na mvinyo. Uliza kabla ya kumpa mtoto.

Lakini kilichotugusa zaidi hakikuwa chakula. Siku ya tano ulitufikia ujumbe kutoka Muheza: ndugu zetu wawili wanataka shamba la michungwa aliloacha marehemu baba liuzwe. Mama aliusoma, akanyamaza. Jioni alimuuliza mwenyeji, kwa kutafsiriwa na binti yetu, iwapo kaka zake hawakutaka kuuza.

"Walitaka," alijibu. "Niliwaomba wanivumilie mavuno mawili. Kisha nikawalipa mafungu yao, kidogo kidogo, kwa miaka tisa."

Usiku ule Mama alipiga simu Muheza. Hakulia wala hakumlaumu mtu. "Wanangu," alisema, "fungu la kila mmoja ni haki yake aliyopewa na Mwenyezi Mungu, siwezi kumzuia. Ila kabla hamjakwenda kwa mtu baki, waulizeni wenzenu kama watanunua." Hivyo ndivyo sheria yetu ilivyofundisha tangu zamani kwa jina la shufaa: mshirika ana haki ya kwanza katika kile anachouza mwenzake.

Ndugu zetu wamekubali kungoja hadi msimu ujao wa machungwa. Nasi tumeanza kuweka akiba ya kununua mafungu mawili, jambo ambalo huenda likatugharimu likizo za miaka kadhaa. Hatujui kama tutafaulu. Tunajua kwamba Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa mti aupandao Muislamu, akala humo mtu, ndege au mnyama, huwa ni sadaka yake. Baba alipanda michungwa ile kwa mikono yake, na sadaka hiyo tungependa iendelee kumfikia kupitia kwa watoto wake.

Mwenyeji alituaga kwa debe dogo la mafuta ya zaituni tulizozichuma wenyewe. Mama amekwisha kuitenga chupa moja, aipeleke Muheza, Inshaallah.