Mizani ya Mchezaji

Mkulima wa Mtwara, aliyekwisha kuanika korosho zake na kuzipeleka ghalani, haridhii ziuzwe kwa kutazamwa tu, bali hudai zipimwe kwa mizani na daraja lake litajwe. Na ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akiketi jioni katika uwanja wa Nangwanda Sijaona, ambamo Ndanda FC ilichezea Ligi Kuu kuanzia mwaka 2014, humpima mshambuliaji kwa shangwe za jukwaa peke yake.

Ilimu ya takwimu yataka hesabu ya haki. Tuseme mmoja amefunga mabao 8 kwa dakika 1,440, na mwenziwe mabao 6 kwa dakika 540: wa kwanza, ingawa jina lake ndilo livumalo, hupata bao moja kila dakika 180, ilhali wa pili hulipata kila dakika 90. Tena mashuti hayalingani. Penalti huingia takriban mara 7 au 8 katika 10, na shuti la mbali huingia kwa nadra, basi kila shuti hupewa uzani wake, ili bahati itengwe na ustadi.

Bei ya mchezaji nayo hufuata umri, muda uliosalia katika mkataba, na uzito wa ligi. Kwa mfano, mshambuliaji Mtanzania Mbwana Samatta, aliyeihama TP Mazembe ya Kongo kwenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016, alifunga mabao 23 ya ligi msimu wa 2018/19, na Januari 2020 Aston Villa ya Uingereza ikamnunua.

Walakini beki aliyesimama mahali pake hata adui akaghairi kupita, daftari halimwandiki. Kwa hiyo mwenye busara hutazama kwa macho, kisha akahakiki kwa kalamu.