Je, Wajua? Blanketi la Nguo za Marehemu

Mwaka 1942, katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, Marekani, mjane Missouri Pettway alichana nguo za kazi za marehemu mumewe, akaziunga kiraka kwa kiraka mpaka zikawa blanketi. Alitaka ajifunike nalo, amkumbuke.

Wanawake Weusi wa kijiji hicho, wengi wao wa vizazi vya watumwa wa shamba la pamba, walishona hivyo miaka na miaka. Suruali za jinzi zilizochakaa, magunia, vyote vilifaa. Palipobanduliwa mfuko hubaki bluu nzito katikati ya kitambaa kilichopauka, na uzuri wenyewe uko hapo.

Mwaka 2002 mablanketi yao yalitundikwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston. Mwaka 2006 yakachapwa kwenye stempu za posta.