Kipimo cha Shahada Isomwayo kwa Intaneti



Tarehe 3 Agosti 2023, katika nchi jirani ya Kenya, Chuo Kikuu Huria cha nchi hiyo kilipewa hati ya kuanzishwa. Chuo hicho hufundisha kwa intaneti, na mwanafunzi halazimiki kuacha kituo chake cha kazi. Kwa askari aliye lindoni mpakani, masomo ya namna hii ni fursa kubwa. Lakini penye fursa walaghai hawakosekani, nao huuza vyeti visivyo na elimu ndani yake.

Kwa sababu hiyo nchi jirani zimeweka walinzi wa ubora. Sheria ya Vyuo Vikuu ya Kenya ya mwaka 2012 iliunda Tume ya kusimamia viwango. Nchini Uganda, vyuo vilipofungwa mwaka 2020 kutokana na UVIKO-19, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu lilivitaka viombe idhini kabla ya kufundisha kwa intaneti.

Msingi ni mmoja: intaneti ni njia tu, kipimo cha elimu ni kilekile. Mwalimu sharti ajibu maswali, kazi zisahihishwe, na mtahiniwa athibitishwe kuwa ndiye mwenyewe.

Askari hukagua silaha kabla ya kuipokea. Vivyo hivyo, kabla ya kulipa karo, na aulize: chuo kimeidhinishwa na nani? Mitihani husimamiwaje? Je, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania itaitambua shahada hiyo? Cheti kisichotambuliwa hakimpandishi mtu cheo. Humaliza mshahara wake tu.