Mafuta Yavujayo katika Sanduku la Gia

Tukiona matone ya mafuta chini ya motakaa iliyosimama, mara twasema, "Inavuja." Neno hilo ni la kweli, lakini halimfai fundi, maana hajaambiwa lililo kubwa: inavuja wapi? Leo twataka kueleza habari ya mafuta yavujayo katika sanduku la gia, na mfano wetu ni MGB, gari jepesi la mbio lililotengenezwa Abingdon, nchi ya Uingereza, tangu mwaka 1962 hata kiwanda kilipofungwa mwaka 1980. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000, na mengi yangali yakitunzwa na wenyewe kwa mapenzi makubwa.

Ndani ya sanduku la gia mna magurudumu ya meno yazungukayo katika mafuta. Mbele huingia shafti itokayo upande wa injini. Nyuma hutoka shafti ipelekayo nguvu kwenye propela, hata magurudumu ya nyuma. Kila shafti haina budi kupita tunduni. Tundu likizibwa kabisa, shafti itakwama. Likiachwa wazi, mafuta yatamwagika. Kwa hiyo huwekwa pale kitu kidogo ambacho mafundi hukiita sili. Ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, yenye mdomo mwembamba uigusao shafti, na nyuma ya mdomo huo imezungushwa springi nyembamba kama mkufu, ili kuubana. Zamani mdomo ulifanywa kwa ngozi. Baadaye mpira wa viwandani ukashika mahali pake, kwa kuwa hustahimili joto zaidi.

Sili ya nyuma ikichakaa, mafuta huonekana kwenye kiungo cha propela, nayo hurushwa huku na huku chini ya gari. Hayo si mabaya sana, mradi sanduku lisiachwe likauke. Sili ya mbele ndiyo yenye hatari zaidi, kwa maana mafuta yake huingia katika nyumba ya klachi. Klachi hufanya kazi kwa kukwaruzana. Ikipakwa mafuta huteleza. Hapo dereva hukanyaga petroli mlimani, injini ikanguruma, na gari lisipande.

Lakini tusikimbilie kumlaumu wa mbele huyo. Injini nayo ina sili yake ya nyuma, inayomwaga katika nyumba ile ile. Katika magari mengi mafuta ya gia hujulikana kwa harufu yake kali. Katika MGB sanduku la gia hutiwa mafuta ya namna ile ile ya injini, basi pua haisaidii. Tazama rangi: ya injini huwa meusi kwa masizi. Kisha pima yote mawili kwa siku kadhaa, uone yapi yapunguayo. Pia angalia kama mafuta yamezidi kipimo, au tundu la kupumulia limezibwa na tope. Hewa ipatayo moto ndani ikikosa njia, itayasukuma mafuta nje hata penye sili mpya.

Kubadili sili ya nyuma ni kazi ya siku moja. Gari huinuliwa na kuegemezwa juu ya vigingi imara, wala si juu ya jeki tu. Mafuta humwagwa, viungo vya propela hutiwa alama ili virudi vilivyokuwa, kisha hufunguliwa bolti nne. Nati kubwa ya katikati hufunguliwa, flenji huvutwa, na sili kuukuu hung'olewa pasipo kuchubua chuma kilichoizunguka.

Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Wanaishika sili mpya upesi, wala hawaitazami flenji. Pitisha ukucha mahali mdomo ulipokuwa ukisugua. Ukucha ukinasa, pamechimbika mfereji, na sili mpya itavuja kama ile ya kwanza. Hapana budi kutafuta flenji nyingine, au kuivika hiyo bomba jembamba la chuma lililofanywa kwa kazi hiyo.

Mdomo wa sili uelekee ndani, kwenye mafuta, nao upakwe mafuta kwanza. Ukianza kuzunguka mkavu utaungua. Sili isukumwe sawasawa kwa kipande cha bomba chenye upana wake, isigongwe upande mmoja.

Ya mbele ni habari nyingine. Katika MGB haifikiwi pasipo kutoa injini, na wengi hutoa injini na sanduku pamoja. Kifuniko cha mbele hufunguliwa, na vibati vyembamba vilivyo nyuma yake vihifadhiwe, maana ndivyo viwekavyo beringi mahali pake. Wakati wa kurudisha, meno ya shafti huweza kuukata mdomo mpya. Yafunikwe kwa utepe laini mpaka mdomo umekwisha kupita. Kwa maoni yetu, matone mawili matatu kwa usiku si sababu ya kuing'oa injini. Lakini injini ikitolewa kwa jambo lolote jingine, ni upuuzi kuirudisha pasipo sili mpya, ambayo bei yake ni ndogo sana kando ya kazi yenyewe.

Mwisho, mafuta hutiwa mpaka kwenye alama, gari huendeshwa hata lipate moto, kisha hulazwa juu ya karatasi safi. Matone ya asubuhi ya kwanza huenda yakawa mabaki yaliyonaswa katika nyumba ya klachi. Karatasi ya siku zifuatazo ndiyo ya kutazamwa.